Ijue Buni Kabla ya Kuikaanga: Mwongozo Kamili wa Aina za Kahawa na Zilikotoka

Kwetu Tanga ukimwambia muuza kahawa "nipe moja," hakuulizi kahawa gani. Anagonganisha vikombe mkononi, anainua dele, birika lake la kahawa, kutoka kwenye makaa, anakumiminia, nawe unachagua kashata yako sahanini. Basi. Nimeinywa hivyo tangu nikiwa mtoto niliyekuwa nikimbebea ndoo ya kuoshea vikombe marehemu ami yangu, aliyekuwa akiuza kahawa jioni kwenye baraza za Ngamiani, na sikuwahi kujiuliza punje zile zimetoka kwenye mti gani wala nchi gani. Nilijiuliza siku nilipoharibu kilo mbili.

Nilinunua buni mbichi kwa mtu aliyeniapia kuwa ni ya Lushoto tupu. Nikawasha jiko, nikakaanga kama nilivyomwona ami akikaanga. Dakika kumi na mbili baadaye nusu ya kikaango ilikuwa nyeusi inafuka moshi, na nusu bado ina rangi ya mdalasini. Nilikuwa nimeuziwa mchanganyiko: Arabika, Robusta, na vipande vilivyovunjika ambavyo viliungua kabla ya vingine kuanza kuiva. Nilipoipika, mke wangu alipiga funda moja, akaniuliza inatibu nini.

Tangu hapo sikaangi buni nisiyoijua. Yafuatayo ndiyo ninayoyafuata, kuanzia mkononi mwa muuzaji hadi kwenye kikombe.

Hatua ya kwanza: sema majina kama yalivyo

Kiswahili kimetuwekea maneno matatu ambayo siku hizi tunayachanganya. Mti ni mbuni, ikiwa mingi ni mibuni. Mbegu yake mbichi ni buni. Kinywaji ndicho kahawa. Neno kahawa tumelitoa kwa Waarabu, na buni pia tumeipata kwao, lakini nenda Ethiopia leo uombe kahawa: watakuletea wakiiita buna. Jina limebaki na mti wake.

Punje tunayoikaanga ni mbegu ya tunda. Tunda likiiva huwa jekundu (ipo mibuni ya tunda la njano), na ukilimenya utakuta nyama tamu kidogo, kisha utelezi, kisha ganda gumu la ndani, kisha ngozi nyembamba kama karatasi, ndipo mbegu mbili zilizokaa zimetazamana, ubapa kwa ubapa. Mara nyingine mbegu moja haikui, na iliyobaki inajaza nafasi yote na kuwa mviringo kama njegere. Hiyo wafanyabiashara huiandika PB kwenye magunia na kuiuza peke yake. Wapo wanaosema ina ladha zaidi. Mimi naona faida yake iko jikoni: kwa kuwa ni mviringo, inabingirika vizuri kikaangoni na kuiva pande zote.

Hatua ya pili: zijue aina, hasa mbili

Jamii ya mibuni ina aina zaidi ya 120, nyingi za Afrika na Madagaska. Zinazojaza vikombe vya dunia ni mbili, Arabika na Robusta, na ya tatu, Liberika, inanusia kwa mbali.

Arabika ndiyo yenye jina kubwa. Ni mti wa milimani, unaopenda baridi ya wastani, kati ya mita 1,000 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapa kwetu utaikuta Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe, Mbinga, Kigoma, Tarime, na katika mkoa wetu wenyewe, Lushoto kwenye Usambara ya Magharibi. Kikombe chake kina uchachu mwepesi, kama wa ndimu iliyokamuliwa mbali, na harufu inayotangulia ladha. Kafeini yake ni kama asilimia 1.2 ya uzito wa punje. Ni mti dhaifu: joto linauchosha, na ugonjwa wa ukungu uitwao kutu ya majani unaumaliza.

Robusta jina lake la kitaalamu ni canephora. Inastahimili joto, inazaa sana, na kafeini yake inakaribia mara mbili ya Arabika, asilimia 2.2 hivi. Kafeini hiyo ni silaha ya mti dhidi ya wadudu, na ndiyo sehemu ya uchungu unaousikia ulimini. Sukari yake ni kidogo, kwa hiyo kikombe ni kizito, kichungu, chenye ladha ya udongo na nafaka iliyokaangwa. Kwetu Robusta ni Kagera. Mtu wa pwani akikwambia "kahawa ya Bukoba," mara nyingi hiyo ndiyo anayoisema.

Hizi mbili ni ndugu kuliko watu wanavyodhani. Arabika ilizaliwa pale Robusta ilipokutana na mbuni mwingine wa pori uitwao eugenioides, maelfu kwa maelfu ya miaka iliyopita. Ndiyo maana Arabika ina kromosomu 44 na wazazi wake wana 22 kila mmoja. Kwa hiyo yule anayemdharau Robusta anamdharau mzazi mbele ya mwana.

Liberika ni ya Afrika Magharibi, mti mrefu wenye majani mapana na punje kubwa iliyopinda upande mmoja. Leo wanaoinywa kwa mapenzi ni watu wa Ufilipino na Malaysia. Mimi sijawahi kuiona katika soko la Tanga.

Na kuna jambo moja linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania ina mibuni yake ya pori, mmojawapo ukiitwa Coffea pseudozanguebariae, ambao punje zake hazina kafeini kabisa. Wenzetu hujenga viwanda vya kuondoa kafeini, na mti usiokuwa nayo umesimama kichakani huku kwetu.

Hatua ya tatu: isome buni kiganjani

Somo hili nilipewa na mzee mmoja anayeuza viungo na buni sokoni Mgandini. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yaliyonipata.

"Nipe mkono," akasema. Akanimwagia punje tano kiganjani. "Tazama mstari."

"Naona mstari."

"Hapana, mwanangu, uangalie. Umenyooka au unatambaa?"

Ulikuwa unatambaa, kama herufi S iliyolazwa. Punje zenyewe zilikuwa ndefu kidogo, bapa, na rangi ya kijani iliyoingia ubuluu. Akazirudisha gunia lake, akanimwagia tano nyingine kutoka gunia la pili. Hizi zilikuwa nene, fupi, zikikaribia mviringo, rangi ya manjano inayoelekea kahawia, na mstari wake ulikuwa umenyooka kama umepigwa kwa rula.

"Ile ya kwanza Arabika. Hii Robusta. Siku nyingine mtu asikuapie, mwambie akuonyeshe mstari."

Mstari ndio ushahidi wa kutegemea. Rangi inaweza kukudanganya kwa sababu inategemea namna buni ilivyoandaliwa shambani, na hapa kuna njia mbili za kujua.

Ya kwanza ni ya kuosha. Milimani mkulima huchuma tunda jekundu, hulimenya kwa mashine siku ile ile, huacha mbegu zichachuke kwa saa 12 hadi 36 ili utelezi uachie, huziosha, kisha huzianika juu ya chanja kwa wiki moja au mbili zikiwa bado na ganda lake gumu la ndani. Buni ya hivi huwa safi, ya kijani, na kikombe chake kina uchachu unaosikika vizuri. Ya pili ni ya kukausha tunda zima juani, kwa wiki mbili tatu au zaidi, kisha kulikoboa. Ndiyo njia ya zamani ya Kagera. Buni yake huwa ya manjano, mara nyingine yenye vipande vya ngozi vilivyong'ang'ania, na kikombe kinakuwa kizito na chenye utamu wa tunda lililokauka kama lilianikwa kwa uangalifu. Likianikwa ovyo, chini kwenye udongo bila kugeuzwa, unakunywa uvundo.

Hatua ya nne: fuata safari yake

Unaweza kuiruka sehemu hii ukaenda jikoni, hakuna atakayekukamata. Lakini ukijua mti umetoka wapi, utaelewa kwa nini Lushoto ina Arabika na Bukoba ina Robusta, na kwa nini kikombe cha Tanga kina ladha kiliyo nayo.

Arabika asili yake ni misitu ya nyanda za juu kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ile hadithi ya mchunga mbuzi aliyeona mbuzi wake wakicheza baada ya kula matunda mekundu ni tamu, lakini iliandikwa Roma mwaka 1671, karne nyingi baada ya watu kuijua kahawa. Tunachokijua vizuri zaidi ni kwamba katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa ili wakeshe kwenye dhikri. Kutoka kwao ikaenea hadi Makka, ambako mwaka 1511 mtawala mmoja aliipiga marufuku, na marufuku yenyewe haikudumu. Bandari ya Mokha, huko huko Yemen, ndiyo iliyoisafirisha duniani. Kwa hiyo Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipoupa mti jina la Arabika mwaka 1753, alimtaja mlezi akamsahau mama.

Pwani yetu tuliijua kahawa kama kinywaji kabla ya kuujua mti. Ilikuja kwa bahari, pamoja na tende na halua, kutoka Arabuni, na desturi yake ikaja hivyo hivyo: dele la shaba, kikombe kidogo kisicho mkono, kitu kitamu pembeni, na mazungumzo.

Mti wenyewe ulizunguka kwanza. Waholanzi waliupeleka Java katika miaka ya 1690, na Wafaransa wakautoa Mokha hadi kisiwa chao cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion, mwaka 1715. Shika jina hilo la Bourbon, kwa sababu hapo ndipo Bagamoyo inapoingia. Wamisheni Wakatoliki kutoka Réunion walifika Unguja mwaka 1860, na mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua misheni Bagamoyo. Kahawa ya Bourbon ilifuata njia hiyo hiyo, kisha ikapandishwa bara na misheni zao, Morogoro na hadi Kilema kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Pwani palikuwa mlango tu, joto letu halikuutaka ule mti. Lakini fikiria: mti umetoka Ethiopia, umevuka Bahari ya Shamu, umekaa Yemen, umekwenda kisiwani katikati ya Bahari ya Hindi, halafu umerudi Afrika kwa kupitia Bagamoyo, ukapandwa mahali ambapo si mbali sana na ulikozaliwa.

Tanga nayo ina hadithi yake, na si ya ushindi. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walikata misitu ya Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza, sehemu za Derema na Nguelo, wakapanda Arabika. Waliona miti mikubwa wakadhani udongo una rutuba isiyokwisha. Kumbe rutuba ilikuwa kwenye msitu wenyewe. Msitu ulipoondoka, mvua ikaosha udongo. Bei ya dunia nayo ikaanguka wakati huo kwa sababu ya mavuno makubwa ya Brazili. Mashamba yakafa, mkonge ukachukua nafasi ya heshima huku chini, na chai baadaye ikashika vilima vile. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo 1905 na Moshi 1911, na mwishowe ikawa inateremsha kahawa ya Kilimanjaro hadi bandarini kwetu. Arabika ya mkoa huu iliyobaki ikapata makao Lushoto, mashamba madogo ya familia, mibuni ikichanganyika na migomba.

Robusta haikuhitaji mmisheni. Ilikuwa mwenyeji wa misitu kutoka Afrika Magharibi hadi Kongo na Uganda, na Wahaya waliijua zamani sana. Hawakuinywa, waliitafuna: matunda yakichumwa kabla hayajaiva, yakachemshwa na majani ya kunukia, yakakaushwa, na mgeni hupewa kabla ya neno lolote. Katika kuchanjiana damu, watu wawili waligawana mbegu mbili za tunda moja. Sisi tuna kikombe cha barazani, wao wana punje mdomoni, na nia ni ile ile.

Dunia ilimkumbuka Robusta kwa shida. Mwaka 1869 kutu ya majani ilionekana Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na katika miaka isiyozidi ishirini na kitu ikawa imeiua kahawa ya kisiwa kizima; wakageukia chai. Java nayo ikapigwa, ikajaribu Liberika, ikashindwa, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikapanda Robusta, iliyosimama imara. Kila kopo la kahawa ya unga ya papo kwa papo lililo kabatini kwako lina deni kwa ugonjwa ule.

Hatua ya tano: nunua, kisha chambua

Amua kwanza unataka kupika nini. Kama ni kahawa chungu ya dele, yenye tangawizi, usinunue Arabika ya daraja la AA. Najua nitabishiwa. AA maana yake ni punje kubwa zilizobaki juu ya chekeche la matundu makubwa. A na B zinafuata kwa ukubwa. Herufi hizo zinapima umbo kuliko ladha, na wewe unakwenda kuikaanga hadi iwe nyeusi, uichemshe na tangawizi. Uchachu na harufu ulivyolipia vitakufa motoni. Kwa dele, Robusta nzuri ya Kagera au Arabika ya daraja la kawaida inatosha na inabaki chenji. AA na PB ziweke kwa siku unayotaka kuchuja kahawa nyepesi na kuisikiliza.

Sokoni, ingiza mkono hadi katikati ya gunia, usitazame juu tu. Nusa. Buni nzuri ina harufu ya nyasi kavu au njegere. Ikinuka gunia, mafuta ya taa au ukungu, ondoka, kwa kuwa harufu hiyo haitoki kikaangoni. Chukua punje uing'ate: iwe ngumu, jino liteleze. Ikibonyea kama karanga mbichi bado ina maji; inayotakiwa ni unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Halafu kagua kama kuna vitundu vidogo mwisho wa punje. Hivyo ni vya bungua wa buni, na vikiwa vingi gunia lote lina shida.

Nyumbani, mwaga buni kwenye ungo penye mwanga na uichambue. Toa nyeusi, zilizotobolewa, zilizovunjika, zenye ganda, na mawe. Mawe yapo, meno yangu ni shahidi. Kwa kilo moja kazi hii inachukua nusu saa, na ndiyo inayobadilisha kikombe kuliko kitu kingine chochote utakachofanya. Punje moja iliyooza inatosha kukichafua kikombe kizima.

Ukiwa umenunua aina mbili, ziache mbali. Zinachanganywa baada ya kukaangwa.

Hatua ya sita: kaanga

Fanyia nje au penye hewa, maana moshi utakuwa mwingi na jirani atakuja kuuliza. Tayarisha jiko la mkaa lenye moto wa wastani, kikaango kizito cha chuma, mwiko mrefu wa mti, na ungo wa kupozea ukiwa karibu tayari. Kaanga gramu 250 hadi 300 kwa mkupuo. Ukijaza kikaango, za chini zinaungua za juu zikisubiri zamu.

Pasha kikaango, mwaga buni, anza kugeuza na usiache. Dakika nne tano za kwanza ni maji yanayotoka. Rangi inatoka kijani kwenda manjano na harufu ni ya nyasi, kisha ya mkate. Baadaye inaingia hudhurungi na makapi yanaanza kuruka. Kati ya dakika ya tisa na ya kumi na mbili utasikia mlio wa kwanza, mkavu na wenye nguvu, kama bisi zinavyolia ndani ya sufuria. Hapo kahawa imekuwa kahawa. Punje zimevimba na joto lake limekaribia nyuzi 200 za Selsiasi.

Kuanzia mlio huo ndipo aina ya buni inapoamua. Kama ni Arabika ya kuchuja, hesabu dakika moja na nusu au mbili, iondoe, na rangi iwe kama ya mbao ya mninga. Kama ni ya dele, endelea hadi usikie mlio wa pili. Huu ni mwepesi na wa haraka, kama vijiti vikavu vinavyovunjika kwa mbali, na mafuta yanaanza kung'aa juu ya punje. Robusta naiondoa pale mlio wa pili unapochanganya. Arabika ya dele naiondoa mlio wa pili unapoanza tu. Ukiongeza dakika moja baada ya hapo unatengeneza mkaa, na tangawizi haitaficha.

Robusta ni ngumu na inachelewa. Usiongeze moto kwa papara, utaichoma nje huku ndani ikiwa mbichi, mpe muda.

Ikishafika, mwaga kwenye ungo papo hapo, kwa sababu punje huendelea kuiva kwa joto lake zenyewe. Peta. Upepo uchukue makapi na moto kwa pamoja. Kama huna mkono wa kupeta, washa feni uhamishe kahawa kutoka ungo mmoja kwenda mwingine. Ndani ya dakika nne iwe imepoa kiasi cha kushikika. Usishangae mizani ikikuonyesha kilo moja imekuwa gramu 800 na kitu: maji yametoka.

Iache usiku mmoja ndani ya chombo kisichobanwa sana. Kahawa iliyotoka jikoni sasa hivi imejaa hewa, na ukiipika mara moja itafoka na ladha itakuwa kali isiyo na mpango. Ami alikuwa akikaanga leo kwa ajili ya kesho, na nilidhani ni ratiba yake tu.

Hatua ya saba: twanga

Kinu cha kahawa kiwe cha kahawa. Kinu kilichotwanga kitunguu saumu hakisahau. Twanga kidogo kidogo, chekecha, kisha rudisha chenga kinuni. Kwa dele unga uwe laini lakini usiwe vumbi, ukiushika vidoleni usikie chembe. Vumbi halitulii chini, litakuja vikombeni hadi mwisho. Ya kuchuja kwa kitambaa au karatasi iache na chenga za ukubwa wa sukari.

Mashine ya umeme inafaa pia, ila ipumzishe katikati, isipate joto.

Hapa ndipo pa kuchanganya. Mchanganyiko wa baraza yangu ni sehemu saba za Robusta ya Kagera kwa tatu za Arabika ya Lushoto. Robusta inatoa uzito na ule uchungu unaoomba kashata. Arabika inatoa harufu inayomwita mtu aliye mtaa wa pili. Jaribu saba kwa tatu, halafu sogeza unavyopenda.

Hatua ya nane: pika

Kwa lita moja ya maji, ambayo itakupa vikombe vidogo kumi na mbili hivi, chukua gramu 50 hadi 60 za unga, yaani kama vijiko kumi vya chakula vilivyosawazishwa. Tangawizi kavu kipande cha ukubwa wa dole gumba, kilichopondwa. Iliki tano au sita. Mdalasini na karafuu ni hiari yako. Karafuu usizidishe mbili, inatawala.

Chemsha maji na tangawizi peke yake kwanza, dakika tano. Mwaga kahawa, koroga, simama karibu. Itainuka kutaka kumwagika. Inua dele, ikishuka rudisha, fanya hivyo mara tatu. Sasa punguza makaa. Robusta na mchanganyiko ule viache vichemke polepole dakika kumi. Arabika tupu dakika tatu nne zinatosha, ukizidisha uchachu wake unageuka ukakasi. Iliki tia mwishoni, dakika mbili kabla ya kuipua, la sivyo harufu yake inawapa raha majirani wewe ukabaki na maganda.

Ipua, nyunyizia kijiko kimoja cha maji baridi juu ili machicha yazame, subiri dakika tano. Mimina taratibu kutoka juu bila kutikisa dele. Sukari haiwekwi ndani. Utamu upo kwenye kashata au tende, na anayetaka sukari mpe kijiko atie kwenye kikombe chake, usiwaadhibu wengine.

Kuhifadhi, kwa sisi wenye unyevu

Hewa ya pwani ndiyo adui. Buni mbichi, kwenye mfuko safi uliofungwa na kuinuliwa kutoka sakafuni, inakaa miezi sita hadi mwaka, lakini masika ikifika ing'ate punje kila wiki mbili, ikianza kulegea ianike kivulini penye upepo. Iliyokaangwa weka ndani ya kopo la kifuniko kinachobana, mbali na dirisha, uimalize ndani ya wiki tatu. Iliyotwangwa haipiti wiki moja. Friji usiitumie, kwa sababu friji la nyumba ya pwani lina samaki, na kahawa inavuta harufu kuliko unga wa ngano.

Machicha usiyamwage kwenye sinki, yanaganda na kuziba bomba; nimelipa fundi mara mbili ndipo nikasikia. Siku hizi nayamwaga chini ya mlimao uani.